Jina Ambalo Papa Apollinaire Hakutaka Liimbwe

Wapendwa mnaolia pamoja nasi tangu Jumatano, Papa Apollinaire Zagabe Murhula alizaliwa Kamanyola tarehe 3 Machi 1958, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha akapanda Bukavu kwa masomo ya sekondari, akapata diploma ya serikali katika ualimu mwaka 1978, na tangu Septemba ya mwaka huo hadi alipostaafu mwaka 2018 alifundisha darasa la sita hapa Kadutu, kwa hiyo wengi mliokaa hapa, hata wenye mvi, alishawapigisha magoti kwa sababu ya hesabu.

Tarehe 10 Agosti 1985 alifunga ndoa na Maman Adélaïde, aliyemkuta katika sauti ya kwanza ya korali ya parokia yetu, ambayo Papa alikuwa akiiongoza tangu mwaka uliotangulia, na Mungu akawajalia watoto watatu, Larissa, ambaye ndiye anayewasomea historia hii, Guy na Charlène, wote wakajua kuimba kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati.

Jumapili tarehe 17 Novemba 2013 ilikuwa sikukuu ya parokia. Mnunuzi mmoja wa dhahabu kutoka Kamituga alikuwa amewapa waimbaji kinanda na sare mpya, na wakuu wa korali, wakiongozwa na Papa Ignace, wakaamua jina la mnunuzi huyo litajwe ndani ya wimbo wa matoleo, kama wanamuziki wa baa wanavyowatupia wenye pesa libanga, kuwataja kwa sifa ili watoe zaidi. Papa Apollinaire alikataa tangu mazoezini, akawaambia, "Mu Misa tunaimbiaka Mungu peke. Tukiweka ile jina, tuko tunaabudu mufuko." Walicheka, wakidhani atalegea. Ubeti wenye jina hilo ulipofika alishusha mikono, akasimama kimya mbele ya waumini wote, Papa Ignace akashika uongozi, na mwimbaji wa solo akalitaja jina lile mara tatu, watu wakapiga vigelegele. Mwimbaji huyo alikuwa Larissa.

Papa hakumgombeza binti yake. Wiki iliyofuata wakuu wa korali walimwondoa Papa katika uongozi, na kwa miaka karibu kumi na moja alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, peke yake. Maman Adélaïde aliendelea kuimba, kwa kuwa Papa mwenyewe alimsihi aendelee, ila kila Alhamisi akitoka mazoezini huku akiimba alinyamaza kabla ya kufika langoni pa nyumba ili asimwumize, naye Papa, ambaye masikio yake hayakupitwa na kitu, alijifanya amesinzia.

Mwaka 2019, yule mnunuzi akiwa ameshahamia kanisa lingine, Papa Ignace alikuja kumrudisha. Papa Apollinaire alikataa, akasema kwamba alipokosa korali ndipo alipogundua kuwa nayo ilikuwa sanamu yake, kwamba alipenda kusikia watu wakisema "korali ya Apollinaire" kuliko alivyompenda Yule aliyeimbiwa, na kwamba alijiogopa. Tulimwona mkaidi, tukamwacha na ukaidi wake, naye alikuwa mpweke sana, hilo familia inalikiri mbele yenu.

Januari 2023 figo zake zilianza kudhoofika, akalazwa mara nne, na katika siku zake za mwisho Larissa alimwomba msamaha kwa ile Jumapili, akamjibu kuwa alishamsamehe kabla ya baraka ya mwisho ya Misa ileile, ila alihitaji kulisikia ombi hilo. Alifariki Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, saa tisa mchana, akiwa na miaka sitini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia na kulala nasi kilioni, na walimu wenzake waliombeba. Korali nayo tunaishukuru, tena tunajua kwamba mmemtungia ubeti wenye jina lake. Alituachia neno moja tu juu ya maziko yake, kwamba asiimbwe, kwa hiyo tunawaomba muuache ubeti huo, muimbe wimbo wa matoleo jinsi alivyowafundisha, na Larissa ataanzisha.

Papa, pumzika kwa amani.