Mteja wa Mwisho wa Mwalimu Florian

Ndugu waombolezaji, nasoma kwa niaba ya familia, na nitafupisha, maana marehemu hakupenda hotuba ndefu isipokuwa za kwake.

Mwalimu Florian Mugeta alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 hapa Butiama, mtoto wa tatu wa Mzee Makongoro, mfugaji, akasoma shule ya msingi hapahapa, sekondari Musoma, kisha chuo kikuu Dar es Salaam, alikohitimu shahada ya biashara mwaka 1987, na Mzee akatangazia kijiji kizima kwamba mwanawe sasa ni mfanyabiashara, ingawa alikuwa hajawahi kuuza hata yai.

Alianza kufundisha Bunda mwaka 1988, akafunga ndoa tarehe 6 Oktoba 1990 na Pelagia, binti wa wavuvi wa Kibara, Mungu akawajalia watoto wawili, Prosper na mimi ninayewasomea, Grace.

Mwaka 1997 alihamia chuo kimoja cha biashara Musoma, akafundisha stadi za kazi na ujasiriamali kwa notisi safi sana, kila mwanafunzi akiandika kwenye mtihani kwamba atajiajiri, na baada ya mahafali kila mmoja akiomba kazi serikalini, mpaka mwaka 2013 mwanafunzi aitwaye Shija alipoinua mkono akauliza, "Samahani Mwalimu, wewe ulishawahi kuuzaga nini?" Darasa lilicheka, Baba hakucheka, likizo ile akanunua dagaa wabichi ziwani Makoko, akawaanika, akaenda kusahihisha mitihani, mvua ikanyesha, wakaoza wote, na Mama akamwambia, "Baba Prosper, dagaa hawasubirigi mtu anayesahihisha."

Tangu hapo alifuta mtihani wa kuandika. Ili ufaulu ulitakiwa umlete mteja uliyemharibia kazi, akalalamika, ukarekebisha, akarudi, kwa sababu, alisema, mteja wa kwanza ni shangazi yako tu, anakuja kwa undugu, mteja wa kweli ni yule anayerudi. Mzazi mmoja alikuja juu kwamba hakuuza ng'ombe ili mwanawe abadilishe zipu za watu, Baba akamjibu, "Basi lete suruali yako, tuanze na hiyo."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023, akatibiwa Musoma na Mwanza, na hali ilipozidi Mei mwaka huu wa 2025 hofu yake ilikuwa moja, kwamba akiondoka mtihani wa kuandika utarudi, maana mkuu wa chuo, Mwalimu Enoka, ambaye tunaye hapa, alishamwambia wazi kwamba mtihani huu wa wateja haumwingii akilini. Alhamisi tarehe 12 Juni wanafunzi walikuja nyumbani kwetu Iringo, Musoma, na wateja wao, akawasikiliza akiwa kitandani, wakafaulu wote isipokuwa Matrida, muuza uji, ambaye mteja wake hakutokea, akamwambia, "Nenda binti yangu, uje naye Jumatatu." Jumamosi alfajiri, tarehe 14, Baba alifariki.

Matrida alikuja msibani kutupikia uji, jana ukaungua, na aliyesema hadharani kwamba unanuka moshi, kisha akaumwaga, ni Mwalimu Enoka. Leo asubuhi amepika mwingine, na sote tumemwona mkuu wa chuo akirudi na kikombe kuomba uji. Alipogundua tunamtazama alisema uji wa msibani ni wa bure, mnywaji si mteja, Mama akamjibu, "Shemeji, hata wa bure, ungekuwa mbaya usingerudi." Mwalimu Enoka ameniruhusu niwasomee kwamba Matrida amefaulu, na mtihani unabaki kama ulivyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Iringo na Butiama, walimu wenzake, na wanafunzi waliofunga maturubai bila kuambiwa.

Pumzika kwa amani, Baba, matokeo yametoka.