Ottomar Brinkschulte, Dereva Pekee wa Kipenzi

Tarehe 30 Septemba 1963, Bwana Ottomar Brinkschulte anastaafu baada ya kukitumikia Kiwanda cha Mashine cha Hallerbrück kwa miaka thelathini na minne, yote akiwa dereva wa majaribio. Ofisi ya jarida letu imeniomba mimi, Zenon Wojtasik wa karakana ya kuchomelea, niandike wasifu wake. Imenisihi pia niwe mchangamfu na nisikae sana kwenye miaka ya vita. Uchangamfu nitajitahidi. Miaka ya vita haikwepeki, maana ndiyo iliyotukutanisha.

Ottomar aliajiriwa mwaka 1929 kuendesha matrekta mapya kabla hayajauzwa. Alikuwa na mikono mirefu, sikio kali la kusikiliza injini, na tabia ya kupiga honi kila apitapo mbele ya kanisa, jambo lililomletea barua mbili za onyo na umaarufu mkubwa kwa watoto wa shule ya Jumapili.

Kisha, mwaka 1942, wakubwa wa Berlin waligundua kwa nini vita havijaisha: vifaru vilikuwa vidogo. Kiwanda chetu, ambacho hadi siku hiyo hakikuwahi kuunda kitu cha kutisha kuliko mashine ya kuvunia viazi, kikapewa heshima ya kubuni kifaru cha tani mia na sabini. Jina lake rasmi lilikuwa siri hata kwa waliokiunda. Wafanyakazi wakakiita Kipenzi, kwa kuwa kila mtu alitakiwa aonekane anakipenda. Mwaka huohuo nami nilichukuliwa kijijini kwetu karibu na Kielce, nchi ya Wapolandi, nikaletwa kwa behewa la mizigo kuja kusaidia. Sikuwa nimeiomba kazi hii, lakini usaili wake ulikuwa mwepesi sana.

Kipenzi kilikuwa na kila sifa isipokuwa ya kwenda. Hapakuwa na daraja katika nchi nzima lenye uwezo wa kukibeba. Dakta Mühlensiepen, mhandisi mkuu, aliahidi kwamba kitavuka mito kwa kupita chini ya maji, na kwa kuwa alisema hivyo mbele ya maafisa, hakuna aliyeuliza kitaibukaje. Kuvuka uwanja wa kiwanda tu, kilikunywa petroli ambayo ingemtosha daktari wa mji kuzungukia wagonjwa wake mwezi mzima. Madereva wawili walijaribu kukizoea. Mmoja aliteguka mgongo, mwingine akaomba mwenyewe apelekwe vitani. Akabaki Ottomar.

Septemba 1944 tuliambiwa kuwa Jumamosi wageni wakubwa watakuja kukitazama. Jumatano yake, Ottomar akiwa anakigeuza uwanjani, kililia mlio mmoja kama mti unaopasuka, kikasimama. Tulipofungua, tulikuta bamba lililoshikilia sanduku la gia limeachana kwenye mshono. Mshono ule niliuchomelea mimi. Ulikuwa mzuri, nasema hivyo mpaka leo, ila bamba lilikuwa limepimwa kwa mashine nyepesi kuliko ile. Kila aliyeinama kutazama alilijua hilo, akainuka kimya. Kusema kwamba Kipenzi ni kizito mno kulihesabiwa kuwa uhaini.

Aliyekuja mbio ni Bwana Kessebohm, mkuu wa usalama wa kiwanda, mtu ambaye hakuwahi kushika spana lakini alikuwa na bastola safi sana.

"Nani kachomelea hapa?"

"Mimi, bwana," nikasema.

Akaitazama herufi P iliyoshonwa kifuani mwangu, ile waliyotuvalisha Wapolandi, akatabasamu kama mtu aliyekuta hesabu yake imetoka sawasawa.

"Basi kazi imekwisha. Huyu kahujumu. Mpelekeni langoni, nitapiga simu waje wamchukue."

Tulijua waliochukuliwa huenda wapi. Wiki mbili nyuma walimchukua mwenzetu wa tanuru, na tulilazimishwa kusimama mstari kutazama alivyonyongwa. Nilimtazama Dakta Mühlensiepen, naye alikuwa akifuta miwani.

Ottomar akachomoza kichwa kwenye tundu la dereva, uso mweusi kwa grisi.

"We Kessebohm, mwache kijana wa watu. Nimekivunja mimi."

"Eti nini?"

"Nimeingiza gia ya nyuma kabla hakijasimama. Nilikuwa na haraka, njaa inauma. Mshono gani ungestahimili?"

"Brinkschulte, unajua unachokisema? Ni shingo yako hiyo!"

"Najua. Nipeleke basi. Lakini Jumamosi utakiendesha wewe?"

Kessebohm akamgeukia mhandisi mkuu.

"Hakuna dereva mwingine?"

"Hakuna," Dakta akajibu, akiongea na miwani yake. "Mwingine ana mgongo mbovu."

Kessebohm alibaki amesimama na hasira yake, hana pa kuiweka. Mwishowe akamnyooshea Ottomar kidole. "Sawa. Jumamosi uendeshe. Jumatatu tutaongea mimi na wewe." Kwa kuanzia akamnyang'anya mgao wake wa tumbaku. Mimi niliamriwa kuchomelea upya bamba lilelile, kwa uzito uleule, na kuhakikisha safari hii lina moyo wa ushindi.

Siku zile tatu Ottomar alikula, akafanya kazi, akapiga mluzi. Ila nilimwona mkewe, Alwine, akija langoni mchana kumletea soseji na kahawa ya shayiri, wakashikana mikono muda mrefu.

Jumamosi mvua ilinyesha. Wageni walikaa chini ya turubai, na Kipenzi kikapita mbele yao kwa mwendo wa mwanamke anayetoka sokoni na kapu zito. Walipiga makofi. Jenerali mmoja mnene akasema kwa sauti kwamba adui akikiona hiki atalia. Wakaamuru kiingie shambani ili waone kinavyogeuka. Ottomar akatoa kichwa.

"Bwana Jenerali, ardhi imelowa."

"Kifaru cha Kijerumani hakiogopi matope, dereva!"

"Sawa, Bwana Jenerali," akasema Ottomar, akakiingiza.

Kipenzi kilizama taratibu, kwa heshima, injini ikinguruma, mpaka matope yakafika kwenye mzinga. Ottomar alitokea juu, akapiga saluti na kusubiri amri nyingine. Nilidhani sasa ndiyo mwisho wake. Wale wakubwa wakanong'onezana chini ya turubai, kisha ikasomwa taarifa: jaribio limefaulu, upungufu ni wa ardhi. Kiundwe kingine mara moja, cha tani mia mbili, na dereva huyuhuyu atunzwe asipotee, kwa sababu ndiye mwenye uzoefu. Jumatatu Kessebohm alimrudishia tumbaku yake.

Cha tani mia mbili hakikuisha. Aprili iliyofuata Wamarekani waliingia mjini, Kessebohm akaondoka kwa baiskeli ya kuazima, na askari weusi kwa weupe wakapanga foleni kupigwa picha juu ya Kipenzi. Siku hiyo nilikaa pale juu na Ottomar, tukila nyama ya kopo tuliyopewa. Nikamuuliza kwa nini alifanya vile, maana hatukuwa hata marafiki.

"Sikuwa shujaa, usinitungie nyimbo," alisema. "Nilipiga hesabu tu. Wewe wangepata mwingine kabla ya chakula cha mchana. Mimi walikuwa na mmoja."

"Na Jumatatu je?"

"Aa, Jumatatu. Hiyo sikuipigia hesabu."

Kijijini kwangu hakukuwa kumebaki mtu wa kumrudia, nikakaa. Tangu hapo Ottomar amejaribu kila trekta lililotoka langoni kwetu, na mengi mliyonayo mashambani yanageuka vizuri kwa sababu yeye aliyakataa mara tatu kwanza. Gari hana, huja kazini kwa baiskeli. Sasa anakwenda kulima maharage nyuma ya nyumba, Alwine akimwelekeza, na inasemekana ndiye bosi mkali kuliko wote aliowahi kuwa nao.

Kiwanda kinakushukuru, Ottomar, kwa miaka yako thelathini na minne. Mimi nakushukuru kwa yangu kumi na tisa, yote niliyoishi tangu Jumatano ile. Uwe na afya, wewe na Alwine, na upite mbele ya kanisa ukipiga kengele ya baiskeli kadiri upendavyo.