Panzi Kwenye Boneti

Mwaka 1974, katika basi la kutoka Handeni kwenda Korogwe, niliketi nyuma ya watu wawili wasiojuana. Mmoja alikuwa Dunstan, dereva wa ofisi moja ya Korogwe, aliyesimamishwa kazi na sasa ameitwa kujieleza. Wa pili alikuwa Mama Grasiana, mjane wa dereva wa shamba la mkonge.

"Panzi walikuwa wamegandia boneti nzima ya gari la ofisi, mama," alisema Dunstan. "Nikawasugua kwa mchanga na majivu. Wakatoka, na rangi nayo ikatoka. Leo naitwa mhujumu."

"Mchanga, mwanangu!" Mama alishika shavu. "Marehemu mume wangu alikuwa akitandika gunia lililoloa, anakwenda kunywa chai. Akirudi, anawafuta kwa kitambaa tu."

"Chai ningeinywa saa ngapi? Mgeni wa kukagua kijiji cha ujamaa alikwishapita Kabuku. Mkubwa wangu amesimama nyuma yangu anafoka, 'Sugua! Sugua!'"

"Basi kawaambie hivyo hivyo."

"Nimwambie nani, mama? Huyo huyo ndiye atakayenihoji."

Mama alikivuta kikapu chake karibu na miguu. Mimi nilikuwa na maoni yangu, ila hakuna aliyeniuliza.

"Mwambie mbele ya wenzake," alisema Mama.

"Mama, nina watoto wanne."

"Ndiyo maana nakwambia useme."

Basi likasimama Korogwe. Dunstan alimshushia mama kikapu chake, akamuaga kwa heshima, akafunga kifungo cha juu cha shati. Kisha akashika njia ya ofisini, ile ndefu inayozunguka soko.