Mlio wa Damu ya Fundi Redio

Sehemu ya ugonjwa katika historia hii aliisimulia kwanza Mjomba, kaka yake Mama, mwezi Aprili 2017, sebuleni kwetu, wiki ile mgonjwa aliporudishwa nyumbani, nami mtoto wa pili wa marehemu niliiandika kisha nikamsomea Mama, ambaye alirekebisha mambo mawili na mengine akayaacha yalivyo, akisema hana nguvu za kubishana.

Baba yetu, ambaye wateja walimwita Mzee Mawimbi, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mshonaji, akaanza shule ya msingi mwaka 1964, akamaliza sekondari mwaka 1975, kisha akajifunza kazi kwa fundi redio mmoja mkali, ambaye hakumruhusu kushika bisibisi mpaka aseme, kwa kusikia tu, ubovu uko wapi. Desturi hiyo hakuiacha hata alipofungua duka lake mwenyewe, Machi 1982, kwani redio ilipoletwa aliinamia spika kwanza, akafumba macho, na mteja aliyeanza kueleza aliombwa kwa adabu anyamaze.

Alifunga ndoa na Mama tarehe 16 Juni 1984, wakajaliwa watoto watatu, na Mama, aliyekaa kaunta ya duka hilo miaka yote, alijifunza naye kuitambua redio iliyopona, kwa maana mlio ukipanda na kuwa safi, kazi imekwisha, mteja aitwe.

Tarehe 20 Februari 2017, akiwa kazini, Baba alisema kichwa kimempiga kama nyundo, akaanguka, na hospitali ikakuta mshipa umepasuka na damu imevujia kwenye ubongo, akapasuliwa, mshipa ukazibwa, lakini daktari alitueleza kwamba hatari haijapita, kwa sababu damu ikishavuja namna hiyo mishipa mingine huweza kujibana siku kadhaa baadaye na kuunyima ubongo damu. Kwa hiyo kila asubuhi alikuja mpimaji, mwanamke mpole wa maneno machache, akapaka jeli kwenye panja la mgonjwa, akaweka kifaa kama kalamu nene, na mashine ikatoa mlio wa damu ikipita kichwani, shuu, shuu, kama stesheni ya mbali.

Hapo ndipo watu wetu walipokosea, na nadhani ni watu wa duka la redio tu wangekosea hivyo. Siku za kwanza mlio ulikuwa wa chini na mzito, Mama na Mjomba wakausikiliza kwa wasiwasi, ingawa mgonjwa alikuwa akijibu akiulizwa, kisha asubuhi moja ukapanda, mwembamba na wa kasi, Mjomba akamgusa Mama bega na kumwambia stesheni imeshika, na mpimaji alipotoka haraka kumtafuta daktari wao wakadhani anapeleka habari njema. Mama akawapigia simu ndugu wote, kaka yetu mkubwa akapanda basi kurudi kazini kwake, na Mama mwenyewe, ambaye tangu siku ile ya dukani hakuwa ameugusa mto, akakubali kwenda nyumbani kuoga na kulala.

Aliporudi alasiri alimkuta Baba hawezi kutamka neno, mkono wa kulia umelegea, madaktari wanampandisha presha kwa dawa ya mshipani ili damu ipenye, na mpimaji akawaeleza, bila kuwalaumu, kwamba mpira wa maji ukiubana mdomo maji hutoka kwa kasi, wala si kwamba yameongezeka, na mshipa uliojibana ni vivyo hivyo, na kwamba yeye alishatoa taarifa asubuhi ileile, hivyo hawakuchelewesha chochote. Mama alisikiliza yote, akauliza jambo moja tu, kama mume wake atasema tena, na mpimaji akajibu kwamba hajui.

Kuanzia hapo Mama hakupokea tena habari njema. Mkono ulirudi taratibu, maneno yakarudi shaghalabaghala, kijiko akikiita waya na mimi akiniita kaunta, na kila jirani aliyekuja kupongeza Mama alimwambia angoje kwanza, akaendelea kulala kwenye kiti kando ya kitanda. Oktoba 2018 tulimpeleka Baba dukani, ambako Mjomba alikuwa akimshikia kazi, akaiinamia redio iliyokuwa tayari kwa mteja, akafumba macho, kisha akatoa sentensi nzima ya kwanza tangu augue.

"Shemeji, hii umeitengeneza au umeiua?"

Mjomba alicheka kuliko wote, Mama akakaa chini nyuma ya kaunta, akaegemeza kichwa kwenye maboksi, usingizi ukamchukua palepale, nasi tukafunga duka kimyakimya tukamngoja nje.

Baba alifanya kazi nusu siku kwa miaka iliyofuata, mpaka alipopata homa ya mapafu na kulazwa mwanzoni mwa Mei 2024. Asubuhi ya tarehe 21 nesi alisema mgonjwa anaonekana ana nafuu, Mama akamshukuru, hakumpigia mtu simu, hakwenda kuoga, akabaki ameushika mkono wake, na alasiri hiyo Baba alipofariki hakuwa peke yake.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa mara zote mbili, majirani waliotupokea zamu za kulala hospitali, na mafundi wenzake waliokuja wakiwa bado na nguo za kazi.

Tulia sasa, Baba, hakuna tena wa kukupima. Kati ya waliousikia mlio ule pamoja nawe, Mjomba yupo na duka liko wazi, mpimaji amestaafu na yumo humu leo, na Mama yupo, amekaa mstari wa mbele, anawaomba watakaokwenda kumpa mkono wasimwambie kwamba atazoea.