Mgongo Wangu na Penseli ya Léonard

Mheshimiwa Mkuu wa mtaa wetu wa Cité, uliyeacha kiti chako chenye mto ukaja kukaa kwenye benchi letu, Baba Padre, Shehe wetu, mama zangu wa foyer, darasa letu la akina mama, mliofika kabla hata sufuria hazijainjikwa, nanyi majirani, mafundi na wateja wote wa Studio Amadi: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake. Walio nyuma wasogee. Kazi yangu ni ya chumba cha giza, na sauti yangu imezoea humo.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Germaine, mjane, mzaliwa wa Mitwaba. Kwa miaka kumi na minne nimeshika penseli ya kusafishia picha katika studio ya Mzee Amadi, ambaye tumekusanyika kumuaga. Kesho kutwa yeye na mkewe, Mama Habiba, watapanda treni kurudi kwao Kasongo, na ufunguo wa studio ameniachia mimi. Aliponiomba niseme machache, alinionya: "Mama Germaine, usiseme murefu. Na ile habari ya kioo, usiseme hata kidogo." Mzee, la kwanza nitajaribu. La pili, hapana.

Kwani nani hapa hajasikia? Nani hajanong'onezwa bombani, au sokoni, au mlangoni pa kanisa, kwamba Studio Amadi imeficha picha ya mwanamke aliye uchi? Basi leo msijichoshe kwa kukisia. Picha ipo. Mwanamke ni mimi, na aliyempiga picha ni mimi. Na neno ni uchi, Baba Padre. Nikilifunika kwa kitambaa bado litakuwa lile lile. Angalieni mnavyotazamana! Mimi moyo umetua. Miaka mitatu nimelibeba neno hili kichwani, na shingo ilikuwa imeanza kuuma.

Mama yangu alikuwa na chale mgongoni: mistari mitatu iliyoshuka kutoka mabegani mpaka nyongani, na katikati yake vinundu vidogo vilivyopangana vizuri. Mwaka nilioolewa, nikiwa na miaka ishirini, bibi yule yule aliyemchanja mama alinichanja mimi, mistari ile ile. Sasa, zamani kidogo, kabla mimi sijachanjwa, alifika Mitwaba mgeni mmoja na kamera. Aliwapanga akina mama juani, akawaamuru washushe vitambaa, akampa kila mmoja kibao chenye namba, akapiga picha, akagawa chumvi, akaenda zake. Mama hakuiona picha ile hata mara moja. Mpaka anafia nyumbani kwangu hapa Cité alikuwa akiniuliza, "Germaine, ile mugongo yangu, baliipeleka wapi?"

Miaka mitatu iliyopita, mwaka wa hamsini na tatu, nikaota uvimbe katikati ya mabega. Daktari akasema Jumatatu atakata, na kovu litakuwa refu. Bibi wa kuchanja alikwisha kufariki, na katika ukoo wetu chale zile zilikuwa zimebaki kwangu peke yangu. Jumamosi nikaenda kwa Mzee.

"Muzee, nataka foto. Ya mugongo. Bila nguo."

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la miwani. "Mama Germaine, miye siwezi kuangalia mugongo ya mama ya batu. Hapana kabisa." Akaigeukia kamera. Halafu akasema: "Lakini poire iko. Utafinya weye mwenyewe."

Msioijua poire, ni kipira cha hewa chenye mrija mrefu unaofika kwenye kamera. Ukikiminya hata ukiwa mbali, picha inapigwa. Mzee alifunga uzi kutoka kwenye kamera mpaka kwenye kigoda, akachora chaki sakafuni, akasimamisha mkeka uliokunjwa pale ambapo ningekaa mimi, akautafutia shabaha mkeka ule kwa adabu zote. Akaweka ndani ya kamera kioo chenye dawa, kile kinachoishika picha kabla haijatolewa kwenye karatasi. Akatoka nje. Mama Habiba akaketi mlangoni na ungo wa mchele, na nawaambia, siku ile hata askari asingepita.

Nikavua vyote. Nikaipa kamera mgongo, nikaminya. Nikabadilisha kioo, nikaminya tena. Nikavisafisha vyote viwili chumba cha giza, nikaona nini? Mwanamke aliyejikunja, mabega masikioni, anasubiri sindano. Nikamlalamikia Mama Habiba kupitia mlangoni, naye akacheka mpaka mchele ukamwagika. "Germaine! Unaikala sawa vile uko kwa docteur. Ikala sawa vile uko kwako!"

Nikaweka kioo cha tatu, nikarudi kigodani. Ndipo nilipotambua jambo ambalo lingepaswa kunijia mapema: nyuma ya kamera ile hapakuwa na mtu. Hapakuwa na wa kuniambia geuka, wala kibao, wala namba. Mabega yakashuka yenyewe. Nikanyoosha shingo, nikapumua, nikaminya. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, nina uvimbe, nina tumbo lililobeba watoto watatu, na nilijiona mzuri. Nasema mbele yenu nyote: nilijiona mzuri, na nilifurahi.

Nikakisafisha kioo hicho cha tatu, nikakiacha kikauke, bila namba, nikaenda hospitali. Nilikaa huko wiki tatu.

Sasa tunafika kwa Léonard, mwenzangu wa penseli. Léonard, usijifiche nyuma ya chupa, tunakuona. Ninyi wateja mnayakumbuka maneno ambayo Mzee aliyaandika juu ya mlango: MTU ATOKE HAPA SAFI. Ndiyo kazi tuliyofundishwa. Ndui tunafuta. Kovu la jiko tunafuta. Alama yoyote juu ya ngozi, tunaijaza kwa penseli pale pale juu ya kioo, na kwenye karatasi haionekani tena. Na kwetu kioo kisicho na namba ni kazi ya haraka, ambayo haikungoja kuandikwa daftarini. Léonard akakuta kioo kisicho na namba, mwanamke asiye na uso, na mgongo uliojaa alama. Angefanya nini? Alifanya kazi siku mbili, ulimi katikati ya meno.

Niliporudi na bandeji yangu, alinikimbilia na karatasi mkononi. "Mama Germaine, angalia! Ile client alikuwa na bugonjwa ya ngozi. Nilimuponesha!"

Mgongo laini kama yai.

Nikakaa chini sakafuni. Mgongo wenyewe ulikuwa umekatwa katikati, na picha yake ndilo hilo yai. Nikasema tu, "Léonard, ule ni miye." Maskini ya Mungu, rangi ilimtoka.

Mzee Amadi hakuuliza maswali mengi. Aliuliza moja: "Penseli ao kisu?" Sisi wa kazi tulielewa. Kisu chetu kinakwangua kioo, na kinachokwanguliwa hakirudi. Penseli inakaa juu tu. Léonard aliiendea kwanza meza yake, akaanza kukagua zana moja moja. Tulingoja. Mimi sijawahi kumngoja mtu hivyo, hata daktari.

"Penseli, Muzee. Kisu niliogopa, sababu kioo haikuwa na numéro, sikujua ni ya nani."

Hapo nilimshukuru Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Mzee akageuka, akauelekea ukuta. Akamgeuza Léonard aelekee ukuta wa pili. Mama Habiba akakishika kioo kwenye mwanga wa dirisha, nami nikafanya kazi, huku Mzee akiuambia ukuta la kufanya: "Tapentaini kidogo. Pamba. Zungusha, usisugue." Mama Habiba akatangaza, "Mustari moja umerudi." Ukuta ukajibu, "Alhamdulillahi." "Ya pili." "Alhamdulillahi." Ya tatu ilipotokea, na vinundu vyote mahali pake, Mzee alisema bila kugeuka: "Ile maneno ya pa mulango, miye niliandika. Kosa iko yangu." Kesho yake alipanda juu ya meza na kopo la rangi akayafuta.

Tangu siku hiyo tunamuuliza kila mteja: tufute ao tuache? Wengi wanasema futeni, na ni haki yao. Lakini mwezi uliopita mzee mmoja wa mgodini aligusa kovu la shavuni mwake, akatuambia, "Muiache. Hii ni ya kwangu." Swali hilo nitalilinda, Mheshimiwa, kama ninavyolinda ufunguo.

Picha yenyewe leo hamtaiona. Msikiangalie kile kilichofunikwa pale, ile ni keki. Anayeionyesha ni mwenye mgongo.

Mzee Amadi, picha hiyo hata wewe hujaiona, na hutaiona. Ulinipa uzi, chaki na poire, ukanipa na heshima ya kuangalia kwingine. Lakini kuna jambo sijakwambia, na sitaki uondoke kabla halijakufikia. Agnès, binti yangu mkubwa, ndiye aliyemwogesha nkambo yake, bibi mzaa mama, katika ugonjwa wa mwisho. Mwaka jana nilimpa picha bila kusema neno. Akaiangalia sana. Akapitisha kidole mstari kwa mstari. Halafu akaniuliza, "Mama, foto ya nkambo balirudisha lini?"

Waliirudisha siku ile, Mzee, ulipokuwa umeuelekea ukuta. Nendeni salama, wewe na Mama Habiba.

Nanyi nyote mlioniazima masikio yenu mpaka chakula kikapoa, aksanti sana.