Arnstein Uglevik, Aliyetaka Kushuka wa Mwisho

Marehemu Arnstein Uglevik alizaliwa tarehe 14 Januari 1951 katika kisiwa cha Kvernøya, akiwa mtoto wa kwanza wa Peder na Olga Uglevik. Siku hiyo upepo ulikuwa umeng'oa paa la banda la mashua na kulitupa baharini, na mkunga alikwama ng'ambo, Leirnes, kwa sababu chombo kidogo cha wakati ule hakikuthubutu kuvuka. Peder alimkata mwanawe kitovu kwa kisu cha kupasulia samaki. Arnstein alipenda sana kuisimulia habari hiyo, hasa watu wakiwa mezani wanakula.

Alisoma shule ya msingi kisiwani, kisha akawa anavuka kwenda shule ya Leirnes. Mwezi Mei 1964 ililetwa feri mpya iliyoitwa Tordis, yenye nafasi ya magari ishirini na injini iliyotikisa vikombe kwenye nyumba za ufukweni. Tangu siku hiyo masomo ya Arnstein yaliharibika. Alipanda asubuhi pamoja na wenzake, wenzake wakashuka, yeye akabaki chini kwa fundi mitambo hadi jioni.

Jioni moja ya vuli baba yake alimngojea gatini na kipande cha kamba ya kufungia chombo.

"Unatoka wapi?" Peder alimuuliza.

"Shule."

"Hiyo shule yenu inanuka dizeli?"

Alimpiga pale pale mbele ya abiria, akampiga hata alipokwisha kuanguka, na fundo la kamba likampata sikio la kushoto. Sikio hilo halikusikia tena. Watu wa wakati ule waliita hayo malezi, na abiria walitazama bahari. Familia imeombwa isiliseme jambo hili leo, na familia imekataa. Kesho yake Arnstein alipanda Tordis tena na kukaa mahali pale pale, ila sasa aligeuza kichwa ili sikio la kulia lielekee injini. Hata alipokuwa mzee, ukimkuta kwenye feri amegeuza kichwa hivyo, ulijua asisemeshwe.

Mwaka 1967 aliajiriwa kwenye karakana ya meli Leirnes kama mchomeleaji wa vyuma, na huko alifanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2016. Kila baada ya miaka michache Tordis ilipandishwa nchi kavu ikiwa imebonyea mbavu kwa kugongana na magati, na Arnstein hakukubali mtu mwingine aiguse. Msimamizi mmoja alipompa kazi hiyo mchomeleaji mgeni, marehemu alimpiga msimamizi huyo ngumi, akamng'oa jino. Alisimamishwa kazi mwezi mzima, akarudi, na Tordis ikawa bado juu ya reli inamngoja. Huko ndani ya matumbo ya meli, wakibomoa vifuniko vya mabomba kwa nyundo, ndiko alikovuta lile vumbi jeupe ambalo hakuna aliyewaambia ni nini.

Mkewe alimpata humo humo kwenye feri. Gudlaug Skarbø aliuza kahawa na zile chapati nene za siagi na sukari kwenye kantini ya Tordis. Siku moja mwaka 1975 mfanyabiashara mmoja kutoka mjini alipiga teke ukuta na kusema hilo ni sanduku la kutu. Kufumba na kufumbua alikuwa chini, Arnstein juu yake, meza mbili zimepinduka. Gudlaug hakupiga kelele. Alichukua ndoo ya maji ya kuoshea vyombo akawamwagia wote wawili.

"Wewe," alimwambia Arnstein, "deki sakafu."

Alideki. Alipomaliza aliomba kahawa, naye akamwambia kantini imefungwa. Walifunga ndoa katika kanisa la Kvernøya tarehe 19 Juni 1976, wakajaliwa watoto wawili, Solfrid na Jostein. Ni vyema ijulikane pia kwamba marehemu hakuwahi kumwinulia mkono mkewe wala watoto wake. Alipokasirika nyumbani alitoka nje kupasua kuni, na nyumba yao ilikuwa na kuni nyingi kuliko zote kisiwani.

Pamoja na mke alipata shemeji. Sigbjørn Skarbø, kaka yake Gudlaug, aliendesha lori la maziwa na alivuka na Tordis kila siku ya kazi. Wawili hawa ndio walioanzisha Klabu ya Tordis, watu kama ishirini ambao Jumapili zao zote ziliishia gatini na kamera shingoni. Waliifuata feri ile ilipohamishiwa njia nyingine kaskazini, ilipofanywa ya akiba, iliporudishwa kwetu imezeeka na kupakwa rangi nyingine. Walijua kila kovu lake. Walipendana sana, na waligombana bila kuchoka juu ya nani anaijua zaidi.

Tarehe 1 Januari 1992, kile kimbunga ambacho kila mmoja wetu hapa anakikumbuka kilipotupiga, Tordis ilikuwa imefungwa gatini Kvernøya. Arnstein alikwenda kuipiga picha. Bati za paa zilikuwa zinaruka kama karata, na feri ilikuwa inajibamiza kwenye zege kwa kishindo kilichosikika hadi kanisani. Wimbi lilimzoa Arnstein na kamera yake. Sigbjørn, aliyekuwa amekuja kwa ujinga ule ule, alimdaka kwa mkanda wa suruali, akamfunga kwenye nguzo ya gati kwa kamba, akajifunga na yeye. Walikaa hapo huku mawimbi yakiwapiga usoni hadi wote wawili walitapika maji ya chumvi.

"Ukifa hapa, dada yangu ataniua," Sigbjørn alimpigia kelele sikioni.

"Hilo sikio halisikii, mjinga wewe!" Arnstein alijibu.

Sigbjørn alivunjika mbavu tatu. Picha haikupatikana.

Sasa tunafika tarehe 31 Agosti 2013, na hapa Gudlaug ameomba kila kitu kisemwe kama kilivyokuwa. Siku hiyo Tordis ilifanya safari yake ya mwisho. Wapenzi wa feri wana desturi yao: feri inapostaafishwa, heshima kubwa kuliko zote ni ya gari la mwisho kushuka. Atakayeteremka nyuma ya wote, sitaha ikabaki tupu, jina lake linaandikwa chini ya picha ya feri milele. Sharti ni moja, uendeshe mwenyewe. Mtembea kwa miguu hahesabiwi.

Feri ilipofika Leirnes magari yote yalishuka isipokuwa mawili, Saab ya Sigbjørn na nyuma yake Volvo ya Arnstein, Gudlaug akiwa ndani.

"Shuka, shemeji," Arnstein alisema dirishani. "Uko mbele. Walio mbele hushuka kwanza."

"Gari haliwaki," Sigbjørn alijibu.

"Haliwaki! Hujagusa hata ufunguo!"

"Nipite basi. Nafasi ipo."

"Nikupite? Mimi niliyeishona hii feri mbavu zake zote?"

"Ulizishona kwa sababu ulilipwa. Mimi nimeipanda miaka thelathini, hata sikukuu!"

Nahodha alipiga honi. Watu mia mbili gatini walianza kucheka. Ndipo Arnstein alipotia gia akaisukuma Saab kwa Volvo, chuma kwa chuma, hadi taa zikapasuka na boneti ikaanza kutoa mvuke. Sigbjørn alitoka, na ngumi yake ya kwanza ilikwisha fika kabla mlango wa Volvo haujafunguka wote. Meno mawili ya Arnstein yalitoka. Pua ya Sigbjørn ilikwenda upande, na upande huo iko mpaka leo. Walianguka kwenye mafuta na vioo, wazee wawili wenye wajukuu, wakabamizana vichwa kwenye sitaha waliyoipenda kuliko kitu chochote, hadi damu ikatengeneza mfereji kuelekea daraja la kushukia. Gatini hakuna aliyecheka tena.

Gudlaug alihamia kiti cha dereva. Aliipitisha Volvo kando yao, akaishusha nchi kavu na kuizima. Kisha msichana aliyeajiriwa kwa msimu wa kiangazi, ambaye feri zote kwake zilikuwa sawa, aliingia kwenye Saab, ikawaka mara moja, akaishusha. Mabaharia waliwaburuta wale wawili kwa miguu. Hakuna jina lililoandikwa chini ya ile picha.

Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Sigbjørn alidai Saab yake ndiyo ya mwisho. Arnstein alidai hakuiendesha, kwa hiyo si kitu. Klabu ilivunjika vipande viwili. Mwaka uliofuata Tordis ilivutwa hadi kwenye uwanja wa kukatia meli, na Arnstein alikwenda akashuhudia mtambo wenye taya ukiuma ubavu alioushona kwa mkono wake na kuuchana, waya na mabomba yakining'inia kama utumbo. Aliokota mawe akaanza kumtupia mwendeshaji wa ule mtambo. Polisi walipomtoa, alimwona Sigbjørn upande wa pili wa uzio, amekamata nyaya kwa vidole vyote, analia kwa sauti. Walitazamana. Kila mmoja alirudi nyumbani kwake peke yake.

Gudlaug alikuwa na ombi moja tu maishani baada ya hapo: mumewe na kaka yake wakae meza moja. Kila Krismasi aliandaa mbavu za kondoo kwa meza mbili. Mkesha alikula na mumewe, siku ya pili alivuka Leirnes kula na kaka yake, kwenye ile feri mpya ya umeme ambayo Arnstein aliiita friji inayoelea. Alilia njia nzima, miaka kumi. Hatumwaibishi kwa kulisema. Ndivyo ilivyokuwa, na wao wawili ndio waliomfanyia hivyo.

Vuli ya 2022 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya utando wa mapafu iliyotokana na lile vumbi jeupe, ambalo sasa tunajua lilikuwa la asbesto. Alipigana nayo kwa hasira ile ile. Ilimpiga, na yeye akaipiga. Alivunja mashine moja ya oksijeni kwa kuwa ilimwimbia usiku. Alikohoa hadi mishipa ya macho ikapasuka. Februari mwaka huu alilazwa hospitalini Molde akiwa amebaki mifupa, na chakula akawa anakisukumia mbali.

Hapo ndipo Sigbjørn alipoingia bila kubisha hodi, mkononi ana chapati za siagi zilizofungwa kwenye karatasi.

"Umekwisha kabisa, shemeji," alisema.

"Na pua yako bado imepinda."

"Nani aliyeipinda?"

"Mimi. Ona kazi ya fundi."

Gudlaug, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda, alisimama kumpisha. Sigbjørn alivuta kiti, akafungua chapati juu ya ile meza ya magurudumu ya wagonjwa, akakata kipande.

"Nimekuja kwa amani," alisema. "Kwa hiyo kubali tu kwamba Saab ilikuwa ya mwisho."

"Uliiendesha wewe? Wewe ulikuwa umelala chini unatema damu!"

"Juu yako, nilikuwa juu yako!"

Arnstein alimkamata ukosi kwa mkono wenye sindano ya dripu, akamvuta. Meza ilipinduka, dripu ikachomoka, damu ikaruka kwenye shuka. Muuguzi aliyekuja mbio alimshika Sigbjørn begani na kumtoa nje kama mlevi.

"Nyinyi wazee, mna akili timamu kweli?"

Arnstein alicheka hadi akakosa pumzi. Alipoipata tena alimwambia mkewe maneno mawili: "Arudi kesho." Kisha akaomba chapati iliyoanguka sakafuni, akaila yote.

Sigbjørn alirudi kesho yake, na keshokutwa yake, na kila siku. Walikula kwenye meza moja, wakitukanana, na Gudlaug aliketi katikati akafuma soksi. Siku ya mwisho Arnstein hakuweza tena kutukana, kwa hiyo Sigbjørn alitukana kwa niaba ya wote wawili, upande wa sikio la kulia. Marehemu alifariki tarehe 9 Machi 2024 asubuhi, mkono mmoja kwa mke na mwingine kwa shemeji.

Ameacha mke, Gudlaug, watoto, Solfrid anayesoma haya na Jostein, wajukuu watano, na shemeji, Sigbjørn Skarbø.

Baada ya ibada hii tutavuka kwenda kumzika Kvernøya. Sote tunajua taratibu, kwamba gari lenye jeneza hupanda kwanza na hushuka kwanza. Leo halitashuka kwanza. Nahodha alikataa, Sigbjørn akamwambia atalala mbele ya daraja la feri na nguo zake za msiba, nahodha akakubali. Kwa hiyo wote tutashuka kabla. Sigbjørn atakuja na ile Saab, ambayo bonyeo lake la nyuma hajakubali kulinyoosha hadi leo, na atakuwa mbele ya jeneza, wa pili kutoka mwisho. Gudlaug anakuomba, kaka: safari hii, honi ikilia, washa gari.

Kisha atashuka Arnstein, na nyuma yake hakutakuwa na mtu.

Mungu ampokee na ampe utulivu.