Malachy na Njia ya Boston

Miaka thelathini na sita Malachy Quilligan amepanga safari za ndege hapa uwanja wa ndege wa Shannon, Ireland, na tarehe 30 Novemba anastaafu. Mimi, Nonie wa kantini, nimeambiwa nimwandikie kwa sababu nimemlisha miaka hiyo yote. Shule sikukaa sana, kwa hiyo atakayeona kosa anyamaze ale keki.

Kazi yake wengi wenu hamuijui, na hamkuwahi kuuliza. Kutoka hapa hadi Boston ni kilomita elfu nne mia sita na ushee, uwe unakwenda au unarudi. Lakini ukirudi, upepo unaisukuma ndege mgongoni, kwa saa sita tu umefika. Ukienda, unaipiga kifuani: saa saba, na majira ya baridi hata zaidi. Malachy ndiye aliyeamua ndege ipite wapi, ibebe mafuta kiasi gani na mizigo kiasi gani. Mlifika salama, mkamshukuru rubani.

Ni mbishi, tusidanganyane. Chai yangu aliiita maji ya kuoshea vikombe, na kila zamu alikunywa vikombe vinne.

Ila kuna Desemba moja siisahau. Fintan Considine, fundi bomba wa mji wa jirani, Ennis, alikuwa anakwenda Boston. Baba yake alikuwa mahututi hospitalini huko, na madaktari hawakujua kama ataiona kesho. Upepo siku hiyo ulikuwa mkali ajabu. Ndege, kwa ilivyojaa, ingelazimika kutua Gander, huko Kanada, kuongeza mafuta. Fintan alikuwa amekaa kantini kwangu, supu imepoa mbele yake. Nikaenda kumwambia Malachy.

Palepale akaamuru makasha ya samaki wa moshi yashushwe kupunguza uzito, mafuta yaongezwe. Samaki wale walikuwa wa karamu ya wakubwa wa shirika. Meneja wetu wa wakati huo, Bwana Tierney, akaja amewaka.

"Malachy, una wazimu? Unajua samaki hao ni wa nani?"

"Najua. Wameshakufa, bosi. Hawana haraka."

"Basi ukuu wa idara usahau!"

"Nimesahau. Sasa nipishe, nina ndege ya kuondoa."

Ndege ikaenda moja kwa moja. Cheo akapewa mwingine, na Malachy akabaki kwenye meza ileile hadi leo. Hakulalamika hata mara moja. Nililalamika mimi kwa niaba yake, na kwa sauti.

Malachy, wewe hukuwahi kuuliza, lakini Fintan aliniambia. Alimkuta baba yake yu macho. Walizungumza karibu saa nzima, kisha mzee akaenda zake, mkono wake umo mkononi mwa mwanawe. Gander ingeila saa hiyo yote.

Asante, mdogo wangu. Nenda nyumbani ukakae na watu wako, na Mungu akupe saa nyingi za kuzungumza nao.